Majibu Matatu Uliyoyasema Mwenyewe

Etterbeek, Ijumaa, saa nane mchana

Tusajigwe, binti yangu,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda madukani Chaussée d'Ixelles kutafuta viatu vya baridi. Mlangoni mama yako ameniambia kwa sauti ya chini, "Tukirudi uwe umemaliza." Anajua ninachokuandikia. Amekijua tangu jana jioni, na tangu hapo hajaniita Baba Tusa hata mara moja.

Habari za safari ya kesho, za begi, za pasipoti na za nani atakupokea tumezisema vya kutosha, sizirudii. Nimeandika kwa herufi kubwa na kuacha nafasi kati ya mistari, kama unavyopenda. Nimetumia Kiswahili kwa sababu ukiwa na miaka kumi na mmoja uliniambia, "Baba, Kiswahili hakinitegi, kinasomeka kama kilivyoandikwa." Bahasha nitakupa saa kumi na mbili jioni ili usisome mbio. Soma kidogo, pumzika, rudi.

Jambo lenyewe nalitanguliza, maana nikilichelewesha nitalikimbia. Katika mtihani wako wa mwisho wa historia ya Marekani, majibu matatu kati ya matano hayakuwa yako. Niliyaandika mimi. Hukumdanganya mtu, mama, wala hukujua. Wewe ulisema, mimi nikaandika kitu kingine.

Sasa nieleze, kwa mpangilio, kwa sababu bila mpangilio kichwa changu leo hakiendi.

Unajua kwamba kabla ya kuja huku nilikuwa karani wa masijala katika ofisi ya wilaya. Kazi yetu ilikuwa majalada. Kila karatasi iliyoingia kwenye jalada ilipigwa namba kwa wino mwekundu, moja, mbili, tatu, na ikishapigwa namba haitoki. Hata kama ina aibu ya mkubwa. Hata kama ina aibu yako wewe karani. Nilifanya kazi ile miaka kumi na miwili, sikuwahi kutoa karatasi. Nataka ulikumbuke hili ukifika mbele, kwa sababu nakuandikia kama mtu aliyeshika sheria moja maisha yake yote kisha akaivunja kwa mtoto wake wa pekee.

Tulikuja Brussels kumfuata mama yako, na miaka kadhaa baadaye nikapata kazi ya msaidizi wa darasa pale shuleni, darasa la wenye mahitaji maalumu, na wewe ukapata nafasi kwa kuwa mimi ni mfanyakazi. Siku ya kwanza Mwalimu Lorna aliniambia, "Humu ndani wewe si baba wa mtu." Nikasema ndiyo. Nilidhani anazungumzia mambo ya kukufunga kamba za viatu.

Nilimtazama akifundisha historia ya nchi yake, Marekani, kwa miaka minne. Unaikumbuka kamba ya kufulia aliyoitandaza kutoka dirishani hadi mlangoni, na kadi zimebanwa kwa vibanio vya nguo? Kila mmoja wenu anatembea na karne yake mkononi anatafuta pa kuibana, na Oskar, aliyewajua marais wote kwa kufuatana, anapiga kelele, "Umemruka mmoja! Umemruka mmoja!" hata kama hakuna rais aliyetajwa. Kazi yangu ilikuwa kukata kadi. Nilizikata vizuri sana. Kila kadi sentimita kumi kwa sita. Hilo ndilo nililoliweza.

Nisichokiweza ni kile alichokifanya akishauliza swali. Alikuwa ananyamaza. Anauliza, kisha anasimama pale mikono nyuma, na darasa linakaa kimya mpaka mimi natokwa na jasho. Niliwahi kuhesabu kimoyomoyo, nikafika ishirini na tatu kabla hujafungua mdomo. Ulipofungua, ulisema kitu ambacho mimi nisingekifikiria. Lakini ile ishirini na tatu, mwanangu, ilinitesa. Kwangu kimya chako kilikuwa tundu, na mimi ni mtu wa kuziba matundu. Nyumbani nilikuwa nikikuzibia. Mama yako akikuuliza, najibu mimi. Mgeni akikuuliza jina, nalitaja mimi. Unataka kwenda kuwa mwalimu wa darasa kama letu. Utajifunza vitabuni namna ya kupanga somo. Ila hicho kimya sijui kama kuna kitabu chake. Wewe unakijua kwa upande wa aliyekuwa akisubiriwa, na upande wa aliyekuwa haachiwi amalize.

Siku ile ya somo la kura ndiyo niipendayo kuliko zote. Mwalimu Lorna alieleza kwamba zamani, katika majimbo ya kusini, mtu mweusi akitaka kupiga kura aliwekewa mtihani wa kusoma, umetungwa makusudi ili ashindwe. Akawapa ninyi wanane karatasi yenye sentensi ndefu zilizopinda, na dakika moja. Na mimi akanipa. Atakayeshindwa akakae dirishani. Dakika ikaisha, darasa zima liko dirishani, na mimi nimo.

"Hata Papa Tusa!" Oskar akasema. "Papa Tusa ni mtu mzima na amefeli!"

"Basi leo rais ni nani?" mwingine akauliza.

"Rais ni Mwalimu Lorna," wewe ukasema. "Kajipigia kura peke yake."

Tulicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Jioni ile niliandika katika kitabu changu cha kumbukumbu za kila siku: "Tusa amechekesha darasa. Ameelewa kuliko sisi wote." Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Miezi mitatu baadaye mkono huohuo ukafanya nilichokwambia.

Siku ya mtihani yule mama aliyekuwa akikuandikia majibu siku zote aliugua. Mwalimu Lorna alinifuata kwenye korido saa mbili na nusu asubuhi. Akaniuliza, "Unaweza kumwandikia bila kumsaidia?" Nikasema naweza. Akanipa karatasi ya kiapo: nimeandika maneno ya mwanafunzi kama alivyoyasema. Nikatia sahihi kabla ya mtihani, kama utaratibu unavyotaka.

Maswali mawili ya kwanza niliandika sawasawa. Swali la tatu likauliza kwa nini wenye watumwa waliogopa mtumwa anayejua kusoma. Ukanyamaza. Nikaanza kuhesabu. Nilikuwa nalijua jibu la kitabu, nililikata mwenyewe kwenye kadi: wangesoma magazeti ya wapinga utumwa, wangejiandikia vibali vya kusafiri, wangepanga kuasi. Mambo matatu, alama zote. Ukafungua mdomo na ukasema kitu kingine kabisa, na mimi nikaona alama zinaanguka, naona cheti, naona chuo, naona umerudi kukaa nyumbani unatazama ukuta. Kalamu ikaandika jibu la kadi.

Kisha ukasema, kama ulivyofundishwa, "Nisomee nilichosema." Na mimi, mwanangu, nikakusomea maneno yako kutoka kichwani, huku macho yangu yapo juu ya maneno yangu. Ukaitikia kwa kichwa. Ukasema, "Sawa, tuendelee."

Hapo nimesimamisha kalamu kwa muda. Nimekwenda jikoni, nimerudi.

Swali la nne vivyo hivyo. La tano vivyo hivyo. Kila mara ulisema nikusomee, kila mara nikakusomea uongo kwa sauti ya baba yako.

Wiki iliyofuata ukarudi nyumbani unatembea polepole. Ukaniambia, "Baba, Mwalimu amesoma jibu langu mbele ya darasa. Kalisifu sana. Mimi silikumbuki." Hapo mlango ulikuwa wazi, ningepita. Badala yake nilikuambia, "Ulichoka, mama. Umesahau." Ukanitazama kidogo, ukasema, "Labda." Tangu siku ile nimekuona ukiuliza watu mara mbilimbili: nilisema hivyo kweli? Ulisema wewe au nilisema mimi? Ulikuwa na kitu kimoja kisichowahi kukuangusha, kumbukumbu ya masikio yako, na mimi nikakutia shaka nacho. Majibu matatu yanaweza kufutwa. Hili sijui linafutwaje.

Maman Béa, msusi Mkongo wa ghorofa ya chini, alikwisha kuniambia zamani, ulipokuwa na miaka tisa, siku aliponisikia nikikugombeza juu ya kitabu. Alipanda ngazi na kitana mkononi, kaacha mteja kichwa nusu. "Papa Tusa, bon, mutoto huyu haiko mujinga. Anasikiaka wimbo mara moja, anarudisha yote. Alors, unamupigia kelele ya nini? Ni weye njo unaogopa, haiko yeye." Nilimfungia mlango. Kesho yake nilimwomba radhi kwa ajili ya mlango. Kwa ajili ya yale mengine sikumwomba, kwa sababu sikutaka yawe kweli.

Uongo wa kwanza ukazaa wa pili. Chuo kilikukubali, kikaleta fomu inayouliza kama una hitaji lolote la msaada wa masomo, na kama lipo, iambatishwe ripoti ya mtaalamu. Ripoti yako ninayo. Ipo kwenye jalada lako la bluu, nimeipiga namba mwenyewe kwa wino mwekundu, namba saba. Inasema una disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, inasema upewe muda wa ziada na mtu wa kukuandikia, na inasema, ukurasa wa mwisho, kwamba uwezo wako wa kufikiri na kusimulia uko juu sana. Nikajiuliza: watu watakaoona alama zile na ripoti hii watauliza nini? Nikaogopa watauliza ni nani aliyeshika kalamu. Nikaitoa namba saba kwenye jalada. Kwenye fomu nikaandika, "Hapana." Wewe na mama yako niliwaambia nimetuma kila kitu.

Kwa hiyo kesho unakwenda mahali ambapo hakuna anayejua. Utaketi kwenye chumba cha mtihani na karatasi na saa ya ukutani, peke yako, na watasema, huyu ndiye aliyeandika yale? Nimeiona picha hiyo kila siku kwa wiki saba. Sili vizuri. Mama yako alidhani ni huzuni ya kuagana, akanipikia mchuzi wa ndizi. Jana nilishindwa kuumeza, ndipo nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Utamwambia wewe. Hili sikubebei." Kisha akaingia kulala na nguo za kazini.

Kuna mtu sijawahi kukueleza vizuri. Baba yako mdogo Ambakisye. Unajua tu kwamba yupo. Tulisoma shule moja kule Tukuyu, mimi darasa la saba, yeye la tano. Alikuwa hawezi kusoma. Mwalimu akimsimamisha, watoto wanaanza kucheka kabla hajafungua kitabu. Mimi nikawa namwandikia. Kila jioni, madaftari mawili, langu kwa mwandiko wangu, lake kwa mwandiko wa mkono wa kushoto ili usifanane. Nilijiona kaka mwema. Nilipokwenda sekondari, akabaki na madaftari mazuri na kichwa ambacho hakuna aliyekishughulikia, kwa sababu madaftari yalisema hana tatizo. Siku ya mtihani wa darasa la saba alikaa saa mbili, akarudisha karatasi yenye jina lake tu. Baba yetu alimuuliza mbele ya watu, "Yale madaftari aliandika nani?" Ambakisye hakunitaja. Alikwenda machimboni Chunya kabla ya mwezi kuisha. Alituma watu wakatuletea salamu zake mara mbili, baadaye salamu zikakoma. Mimi sikuwahi kumwambia baba yetu ni nani aliyeandika. Alikufa akijua mwanawe mdogo ni mwongo.

Ungedhani mtu mwenye habari kama hiyo hawezi kurudia. Mimi pia nilidhani hivyo.

Jambo moja tu nililifanya sawa, na hata hilo nililifanya kwa mazoea. Jioni ya mtihani niliandika kwenye kitabu cha kumbukumbu. Ninaandika kila siku, unanijua, hata bei ya vitunguu. Nikaandika ulichokisema, maneno yako, majibu yote matatu. Nimeyanakili hapa bila kugusa hata moja.

"Jumanne, Juni. Swali la tatu. Tusa amesema: Waliogopa kwa sababu mtu asiyejua kusoma inabidi amwamini anayemsomea. Akijua kusoma mwenyewe anaweza kugundua kwamba karatasi inasema kingine."

"Swali la nne, mtihani wa kusoma kwa wapiga kura. Tusa amesema: Haukuwa mtihani. Mtihani unataka kujua unachokijua. Ule ulitaka kujua usichokiweza, ukishakijua unakufungia mlango. Mimi nimefanya mitihani ya aina zote mbili, ninaijua tofauti yake."

"Swali la tano, walioachwa huru walifanya nini na elimu. Tusa amesema: Wazee na watoto walikaa darasa moja. Lakini nafikiri kwanza walitafuta watu wao. Walipeleka tangazo gazetini: mama yangu aliitwa hivi, tuliuzwa mahali fulani, anayemjua aniandikie. Mimi pia ningeanza kutafuta watu kabla ya kutafuta kazi."

Hilo la mwisho, ulipolisema, kalamu ilisimama yenyewe. Nilimwona Ambakisye. Na bado nikaandika habari za shule na makanisa, kwa sababu kadi ilisema shule na makanisa.

Sijui yangepata alama ngapi. Pengine chache. Nimeyasoma mara nyingi wiki hizi na sina tena uwezo wa kuyapima. Ninachojua ni kwamba ni yako, na kwamba Mwalimu Lorna hajawahi kuyaona.

Leo asubuhi niliposema nakwenda kununua mkate, nilikwenda shuleni. Nilijua yupo, anapanga darasa la mwaka mpya wa masomo. Nilifika getini na kitabu cha kumbukumbu chini ya kwapa. Nikaweka mkono kwenye kengele, nikautoa. Usinihurumie, sehemu yake ilikuwa woga mtupu. Naweza kupoteza kazi, na ninastahili. Lakini sehemu nyingine ni hii: nikimwambia leo, huenda cheti chako kikasimamishwa, na kesho usisafiri. Nisipomwambia, unasafiri na kitu kisicho chako mfukoni. Yote mawili yanakuangukia wewe. Nikaona ninakwenda tena kusema kwa niaba yako, wewe uko nyumbani unapiga pasi nguo, hujui.

Kwa hiyo nimerudi na mkate.

Kwenye bahasha hii kuna ripoti, namba saba. Ni yako, ichukue. Ukiamua kusafiri kesho, ipeleke mwenyewe ofisi ya msaada wa wanafunzi ya chuo wiki ya kwanza, uwaambie baba yako aliandika uongo kwenye fomu. Usinisitiri kama Ambakisye alivyonisitiri, wewe usiwe yeye. Wakisema rudi, rudi. Chumba chako hakitahamishwa kitu. Ukiamua kwanza twende kwa Mwalimu Lorna, tutakwenda pamoja hata kama ndege itaondoka bila wewe, na hapo mlangoni nitasema mimi kwanza nilichofanya, kisha nitanyamaza. Ukiamua jambo la tatu ambalo mimi sijalifikiria, inawezekana, umezoea kuyafikiria. Na ukiamua kunichukia kwa muda, hilo halihitaji kuniaga.

Nisichokuomba ni jibu la haraka. Treni ya uwanja wa ndege ni ya alfajiri, lakini treni ni treni, kuna nyingine. Kaa na hili kadiri unavyotaka. Sitagonga mlango wako. Sitahesabu.

Ukiwa tayari, nitakuwa mezani. Barua ya kwenda kwa Mwalimu Lorna nimeianza. Ina tarehe, jina lake, na sentensi moja: "Mimi, baba wa Tusajigwe, nilivunja kiapo nilichotia sahihi." Yaliyofuata nimeyaacha wazi. Kama una la kumwambia kuhusu majibu yako, kaa upande wa pili wa meza useme, nami nitaandika kama ulivyosema, hata kama sikubaliani, hata kama kuna neno baya juu yangu. Au chukua kalamu uandike mwenyewe, polepole, kwa makosa yako yote.

Lakini nikiandika mimi, ukimaliza, usiniambie nikusomee. Mpe mama yako akusomee.

Baba yako